Mlima wa tatu ni upi? Maelezo juu ya vilele virefu vya inchi zetu



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma mambo ya elimu ya Mungu, ya falsafa na ya sheria. Leo tunaomba ruhusa ya kusema juu ya milima. Si kwa kupoteza wakati. Tulipata haya kwa sababu ya mlima mmoja, na tunapenda wandugu zetu wasipate haya ileile.

I. Ulizo la mtoto

Jambo lilitokea hapa Bel-Air, katika mji wetu wa Lubumbashi. Jioni watoto wengine wa masomo wanakuja kwetu na madaftari yao, nasi tunawasaidia kadiri tuwezavyo: mmoja katika hesabu, mwingine katika Kifaransa, mwingine katika jeografia. Siku moja kijana wa katekista wetu alituuliza: «Padri, kilele cha tatu kwa urefu katika Afrika ni kipi?» Hatukuwaza hata dakika moja. Tulijibu: «Ni Margherita, mwanangu, katika milima ya Ruwenzori. Kinapita metri 5,100. Nacho ni chetu, kwa maana kinakaa katika mpaka wa Kongo na Uganda.» Tulisema hivyo kwa furaha, na kwa kiburi kidogo vilevile, kwa sababu kila mtu anapenda kusifu cha kwao.

Baada ya juma moja baba yake alifika, karatasi mkononi. Jibu letu lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, na kando yake mwalimu aliandika neno moja tu: Mawenzi. Mtoto alisimama nyuma ya baba yake, macho chini. Wenzake walikuwa wamemcheka, kwa sababu alipoona amekatwa alisimama katikati ya darasa akasema: «Ni Padri aliyenifundisha.» Katekista alituambia kwa heshima yote: «Padri, sikuja kuhukumu. Nataka kujua tu: nimwambie mtoto kwamba mwalimu wake amekosa, ao nimwambie kwamba Padri amekosa?»

Hatukuwa na jibu. Tulifungua kitabu kimoja: Margherita ni ya tatu. Tulifungua kingine: Mawenzi inakuja mbele. Tukaona kwamba tumefundisha jambo ambalo sisi wenyewe hatukulichungua. Na hilo si jambo dogo. Mtakatifu Augustino, katika maelezo yake ya Kitabu cha Mwanzo, alikwisha kuonya Wakristu wasiseme ovyo juu ya mambo ya dunia ambayo wengine wanayajua vizuri. Kwa maana mtu akituona tumekosa katika jambo ambalo linaweza kupimwa, namna gani atatuamini katika mambo yasiyopimika?

Basi tulitafuta, na haya ndiyo tuliyoyapata.

II. Urefu unapimwa kutoka wapi?

Tunaposema Kilimanjaro ina metri 5,895, tunasema nini? Watu wengi wanawaza kwamba mtu akisimama chini ya mlima na kutazama juu, anaona metri 5,895. Sivyo. Hesabu hiyo inaanza baharini, kwenye usawa wa maji ya bahari. Mji wa Moshi, ulio chini ya Kilimanjaro, wenyewe umekwisha kupanda metri 800 hivi juu ya bahari. Kwa hiyo mtu wa Moshi anatazama mlima wa metri 5,000 hivi, si zaidi.

Na sisi watu wa Lubumbashi tuko wapi? Tuko karibu metri 1,200 juu ya bahari. Mtoto wa Bel-Air ambaye hajaona mlima hata siku moja, isipokuwa kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba karibu na bomba kubwa la moshi la Gécamines, analala kila usiku mahali palipo juu kupita vilima vingi vya pwani ambavyo watu wa kule wanaviita milima.

Tazameni tena mfano mwingine wa inchi yetu. Uwanda wa Kundelungu unafika karibu metri 1,700. Uwanda wa Marungu, karibu na ziwa Tanganyika, unapita metri 2,400 mahali pa juu kabisa. Lakini mtu akitembea katikati ya Kundelungu haoni mlima. Anaona majani na mbingu, na inchi iliyolala sawasawa. Yuko juu sana, lakini hakuna kitu kilichosimama.

Kila mtu wa Katanga anajua kichuguu. Mtoto akipanda juu ya kichuguu kikubwa, kichwa chake kinapita kichwa cha baba yake aliyesimama chini. Je, mtoto ni mrefu kupita baba? Ukipima kutoka udongo wa chini, ndiyo. Ukimpima mtoto mwenyewe, hapana. Kichuguu kimemsaidia. Hata milima ni hivyo. Milima mingine inasimama kwa miguu yake yenyewe, na mingine imepanda juu ya bega la mwenzake.

Ndiyo sababu wapimaji wa milima wana vipimo viwili. Cha kwanza ni kimo kutoka baharini, ambacho watu wote wanakijua. Cha pili kwa Kifaransa kinaitwa «proéminence». Sisi tutakiita kimo cha kujitenga.

III. Kimo cha kujitenga ni nini?

Ili kufahamu vizuri, tuwaze gharika ya Noe. Hatutaki kufafanua Maandiko hapa. Tunatumia mfano tu.

Maji yanapanda polepole juu ya Afrika nzima. Mabonde yanafunikwa, kisha viwanda vya chini, kisha vilima. Inchi ya juu inabaki kuwa kisiwa kikubwa chenye vilele vingi. Maji yakizidi kupanda, kisiwa hicho kinakatika vipande. Sasa tuchague kilele kimoja, tukingojee. Itafika saa ambapo maji yanakiachanisha na kila udongo ulio mrefu kukipita. Kutoka kwenye maji ya saa ile mpaka kwenye ncha ya kilele: hicho ndicho kimo cha kujitenga.

Tupime Kilimanjaro kwanza. Katika Afrika nzima hakuna udongo mrefu kuipita. Ili kuipata iliyo mrefu zaidi lazima kwenda mpaka Asia. Basi inatosha maji yaikate Afrika na Asia pale Suez, ambapo inchi ni ya chini sana, metri 10 hivi tu juu ya bahari. Kwa hiyo kimo cha kujitenga cha Kilimanjaro ni metri 5,885, karibu sawa na kimo chake chote. Katika dunia nzima milima mitatu tu inaipita kwa kipimo hiki: Everest katika Asia, Aconcagua katika Amerika ya kusini, na Denali katika Alaska.

Tupime sasa Margherita ya Ruwenzori. Milima inayoipita ni Kenya na Kilimanjaro. Maji yangeitenga nayo yakifika metri 1,158. Saa ile mtu wa Bel-Air angekuwa bado na miguu mikavu, lakini angeyaona maji karibu. Yakipanda mpaka metri 1,195, yangekuwa milangoni petu, na hapo Karisimbi, mkubwa wa milima ya Virunga, ungeachana na Ruwenzori. Lakini ili mlima Kenya uachane na Kilimanjaro, lazima maji yafike metri 1,374. Hapo watu wa Lubumbashi tungekuwa tumezama zamani, na maji yangekaribia ncha ya bomba lile la moshi la Gécamines ambalo lina metri 150 na zaidi kidogo.

Hii ndiyo hesabu. Namba ya kwanza ni kimo kutoka baharini, ya pili ni kimo cha kujitenga, zote kwa metri:

Kilimanjaro (kilele cha Kibo): 5,895 na 5,885.
Kenya (kilele cha Batian): 5,199 na 3,825.
Ruwenzori (kilele cha Margherita): 5,109 na 3,951.
Meru, katika Tanzania: 4,566 na 3,170.
Karisimbi, katika mpaka wa Kongo na Rwanda: 4,507 na 3,312.
Elgon, katika mpaka wa Uganda na Kenya: 4,321 na 2,458.

Someni orodha hii mara mbili. Kwa namba ya kwanza, Kenya iko mbele ya Ruwenzori, na Meru mbele ya Karisimbi. Kwa namba ya pili mambo yanageuka: Ruwenzori inapita Kenya, na Karisimbi inapita Meru. Milima haikusogea. Ni ulizo lililogeuka.

IV. Vilele vinavyokaa juu ya bega la mwenzake

Tufike sasa kwenye Mawenzi, iliyotuletea haya.

Kilimanjaro si kilele kimoja. Ni milima mitatu ya moto iliyoota pamoja: Shira upande wa magaribi, Kibo katikati, na Mawenzi upande wa mashariki. Shira ni mzee, umekwisha kuanguka na kubaki kama uwanda. Kibo ndio wenye theluji, ambao watu wote wanauona katika picha. Mawenzi ni mawe matupu, makali kama meno, na kupanda kwake ni kugumu kupita Kibo. Wazungu wawili, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, walifika juu ya Kibo tarehe 6 mwezi wa 10, 1889; lakini kilele cha Mawenzi kilingoja mpaka mwaka 1912, ndipo Eduard Oehler na Fritz Klute walipokifikia.

Mawenzi ina metri 5,149. Margherita ina metri 5,109. Hakuna ubishi: ncha ya Mawenzi iko juu kupita ncha ya Margherita kwa metri 40. Lakini kati ya Mawenzi na Kibo kuna uwanda unaopita metri 4,200. Kwa hiyo kimo cha kujitenga cha Mawenzi hakifiki hata metri 1,000, na cha Margherita ni karibu 4,000. Mawenzi ni mtoto aliye juu ya kichuguu, nacho kichuguu chake ni Kilimanjaro.

Tuwe wa haki: tulitaka kufurahi kwamba tumeshinda, lakini neno hilihili linatuhukumu hata sisi. Ruwenzori yetu nayo ina watoto wake juu ya bega. Mlima Speke una metri 4,890. Unapita Karisimbi kwa metri karibu 400. Lakini unakaa karibu kabisa na mlima Stanley wenye Margherita, na bonde kati yao si la chini sana. Kama tunaikatalia Mawenzi, lazima tuukatalie na Speke. Kipimo kisiwe cha kupendelea wa kwetu.

Tena kuna jambo ambalo hata mwalimu yule pengine hakuliwaza. Juu ya mlima Kenya kuna ncha mbili zinazotazamana, Batian yenye metri 5,199 na Nelion yenye metri 5,188. Kati yao kuna mwanya mdogo tu. Kama tunahesabu kila ncha, basi ya tatu katika Afrika si Mawenzi wala Margherita: ni Nelion. Mwalimu aliiacha Nelion kwa sababu aliiona ni sehemu ya Batian. Alifanya vizuri. Lakini kwa kufanya hivyo alikuwa amekwisha kutumia kipimo cha kujitenga, bila kukitaja. Sisi tulitumia kipimo hichohicho kwa ukali zaidi, nasi bila kukitaja.

V. Milima hii ilitoka wapi?

Msomaji atauliza: sababu gani milima mingine inasimama peke yake, na mingine imeshikana? Jibu ni katika kuzaliwa kwake.

Inchi ya Afrika upande wa mashariki inapasuka polepole. Ufa mmoja unapita katika Kenya na Tanzania. Mwingine unapita kwetu, katika maziwa ya Albert, Edouard, Kivu na Tanganyika. Karibu na nyufa hizi moto wa chini ulipata njia ya kutoka. Kilimanjaro, Kenya, Meru na Elgon ni milima iliyojengwa na moto huo, tabaka juu ya tabaka, kila mmoja mahali pake katika uwanda. Ndiyo maana inaonekana kutoka mbali, kama mtu aliyesimama peke yake katika shamba. Kenya ni mzee. Kinywa chake cha moto kimekwisha kulika na barafu na mvua, na Batian na Nelion ni mawe magumu yaliyobaki katikati.

Virunga nayo ni ya moto, lakini imeshikana katika mstari mmoja, milima minane, kati ya Kongo, Rwanda na Uganda. Karisimbi na Mikeno ni mirefu, nayo imelala. Miwili ya upande wa Goma haijalala: Nyamulagira na Nyiragongo. Nyiragongo ina metri 3,470 tu. Katika orodha yetu haiwezi kupata hata nafasi ya sita. Lakini mwaka 1977 ilitoa moto na kuua watu; tarehe 17 mwezi wa 1, 2002, moto wake ulipita katikati ya mji wa Goma; na tarehe 22 mwezi wa 5, 2021, ulishuka tena mpaka pembeni ya mji. Wandugu zetu wa Goma wanajua kwamba kimo cha mlima na uzito wake katika maisha ya watu ni mambo mawili.

Ruwenzori ni tofauti na yote. Si mlima wa moto. Ni kipande cha mawe ya zamani sana kilichosukumwa juu kati ya mapasuko ya inchi, kama ubao unaoinuliwa upande mmoja. Urefu wake kutoka kaskazini mpaka kusini ni karibu kilometri 120, na juu yake kuna milima sita mikubwa: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Jina hili la mwisho ni la yule mtawala wa Abruzzi, Mwitalia, ambaye tarehe 18 mwezi wa 6, 1906, alifika juu ya Margherita na kuipa jina la malkia wa inchi yake. Wakonzo na Wanande, wenyeji wa pande zote mbili za milima, walikuwa na majina yao zamani kabla yake. Theluji ya juu wanaiita Nzururu.

Sababu gani theluji katikati ya inchi ya jua? Kwa sababu hewa inapoa kadiri mtu anavyopanda, digri 6 hivi kwa kila metri 1,000. Hesabuni wenyewe: kama chini, kwenye metri 1,000, kuna digri 24, basi juu, kwenye metri 5,000, inabaki sifuri. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliandika kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro, na wataalamu wengine wa Ulaya waliokaa mezani pao walimcheka. Ni wao waliokosa. Yeye alikuwa ametazama.

VI. Sababu gani vitabu vinapingana?

Katekista atatuambia: «Nimeona kitabu kinachosema Margherita ina 5,119, kingine 5,109. Nani anasema kweli?» Vitabu vingi vya zamani, vya wakati wa Wabelgiji, vinaandika 5,119, vya siku hizi vinaandika 5,109. Kilimanjaro nayo inaandikwa 5,895 kadiri ya vipimo vya mwaka 1952; lakini vipimo vilivyofanywa kwa satelaiti mwaka 1999 na mwaka 2008 vilitoa karibu 5,892. Mlima haukupungua metri tatu. Vyombo ndivyo vilivyobadilika. Zamani watu walipima kwa uzito wa hewa, kisha kwa darubini na hesabu za pembe tatu, na leo kwa satelaiti.

Majina nayo yanachanganya wasomaji. Wakati wa Zaire mlima Stanley uliitwa Ngaliema. Kilele cha Kibo kilikuwa na jina la mfalme wa Wadachi. Tangu mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, kinaitwa Uhuru. Mtoto akiona majina mawili anawaza ni milima miwili. Tumwonyeshe kwamba ni mmoja.

Kuna badiliko lingine ambalo si la vitabu. Theluji yenyewe inakwisha. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilifunika kilometri za mraba 6 na zaidi, juu ya milima yote sita. Mwaka 2003 ilibaki karibu kilometri moja tu. Kilimanjaro imepoteza zaidi ya sehemu 8 katika 10 za barafu iliyokuwa nayo mwaka 1912. Mwaka 2022 wataalamu wa UNESCO walitangaza kwamba barafu ya Afrika inaweza kwisha yote kufika mwaka 2050. Mtoto wa katekista wetu atakuwa bado mtu wa nguvu. Pengine atawaambia watoto wake kwamba Margherita ilikuwa nyeupe, nao watamwuliza: ni nani aliyekufundisha hivyo?

VII. Tufundisheje?

Kwanza, mtu akituuliza mlima gani ni mrefu, tusikimbilie jibu. Tuulize sisi pia: unataka mlima, ao kilele? Unapima kutoka baharini, ao kutoka pale unapojitenga na mwenzake? Kwa milima mizima, Ruwenzori ni ya tatu. Kwa vilele vilivyoachana vya kutosha, Mawenzi ni ya tatu na Margherita ni ya nne. Kwa kila ncha bila kuacha hata moja, Nelion ni ya tatu. Na kwa kimo cha kujitenga, katika orodha yetu ya milima sita, Ruwenzori ni ya pili. Majibu yote haya ni ya kweli, kila jibu kwa ulizo lake.

Pili, tusiwape watoto namba bila udongo. Mtoto anayejua 5,109 tu, anajua sauti ya namba. Mpelekeni nje. Mwonyesheni kichuguu. Mmoja apande, mwingine abaki chini, na wa tatu awapime. Kisha mwambieni achore gharika juu ya ubao na kukata visiwa. Baada ya robo saa atafahamu jambo ambalo sisi tulimaliza masomo ya seminari kubwa bila kulifahamu.

Tatu, tukikosa, tuseme tumekosa, tena mbele ya wale waliosikia kosa.

Hivyo ndivyo tulivyojaribu kufanya. Tulimwita katekista pamoja na mtoto wake. Tulimwambia baba: «Baba, mwalimu hakukosa, maana karatasi iliuliza juu ya kilele. Sisi tulijibu juu ya mlima, kwa sababu tulipenda jibu lile. Kosa ni letu.» Kisha tulimweleza mtoto mambo yote tuliyoyaandika hapa. Alisikiliza, akauliza: «Padri, kama ni hivi, naweza kumwambia mwalimu juu ya Nelion?» Tulimjibu: «Mwambie, lakini kwa adabu, si kwa kumshinda.»

Alikwenda. Alama yake haikubadilika, na hatukuomba ibadilike. Lakini mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha alimpa chaki na kumwita mbele. Mtoto alichora maji, akachora visiwa, akaandika majina: Kibo, Batian, Nelion, Mawenzi, Margherita. Safari hii alipoulizwa ni nani aliyemfundisha, alitaja sababu kwanza, kisha alitutaja sisi.

Wandugu wa Goma, wa Beni na wa Butembo, ninyi mnaoishi karibu na milima hii na kuiona kwa macho, kama mnaona tumekosa tena mahali fulani, tuandikieni. Tutasoma kwa shukrani, na tutawaambia watoto.